Usichague cha Kutunza: Nasaha kwa Wajukuu, na Kumbukumbu ya P. K. Nair

Wajukuu zangu,

Nilikuwa na miaka 13 nilipoanza kubeba senema kwa baiskeli. Mwaka ulikuwa 1959. Unguja mjini tulikuwa na Majestic, Empire na Sultana, na picha mpya ya Kihindi ilipotufikia ilikuja nakala moja tu, na majumba mawili yanaitaka usiku uleule. Basi jumba la kwanza lilianza mapema, la pili likafuata baadaye kidogo, na kila mkanda ulipomalizika kule, kijana aliutia kwenye kikapu cha baiskeli akakimbia nao vichochoroni hadi huku. Kijana huyo nilikuwa mimi. Ukumbini watu wamekaa gizani, stelingi wameachwa naye kamshika adui koo, na mimi niko njiani napiga kengele nipishwe. Nikichelewa dakika tano, miluzi inasikika hadi barabarani.

Miaka ile yote nilidhani kazi yangu ni mbio. Kopo lililokuwa kikapuni sikulifikiria. Mtu aliyenifunza uzito wake sikupata kumwona kwa macho, na nilimjua nikiwa mzee tayari. Jina lake Paramesh Krishnan Nair, na dunia ya senema inamwita P. K. Nair. Alizaliwa 6 Aprili 1933 huko Thiruvananthapuram, kusini kabisa mwa India, akafariki Pune tarehe 4 Machi 2016 akiwa na miaka 82. Nataka mmjue. Nikiondoka mimi, sidhani kuna mwingine hapa mtaani atakayewatajia.

Mwanangu aliyeko Maskati ndiye aliyeniletea filamu iitwayo Celluloid Man, iliyotengenezwa na Shivendra Singh Dungarpur mwaka 2012 kuhusu maisha ya Nair. Niliitazama mara tatu kwa wiki moja. Mara ya kwanza nilitazama picha. Mara ya pili nilimtazama mzee mwenyewe anavyotembea katikati ya makopo, anavyotaja sehemu fulani ya filamu na kueleza iko kwenye mkanda wa ngapi. Mara ya tatu sikuweza kufika mwisho, kwa sababu nilikumbuka stoo. Habari ya stoo nitawaambia, lakini kwanza mtu huyu.

Nair alianza kupenda senema akiwa mtoto, amelala juu ya mchanga mweupe uliokuwa ndio sakafu ya ukumbi. Tiketi alizokatiwa hakuzitupa. Aliziweka, pamoja na vijikaratasi vingine vya senema ambavyo mtu mwingine angevikanyaga akitoka. Alipomaliza chuo kikuu mwaka 1953 alikwenda Bombay akitaka kuwa mtengenezaji wa picha. Alikaa karibu na wakubwa wa kazi hiyo, kina Mehboob Khan na Bimal Roy na Hrishikesh Mukherjee, akatazama wanavyofanya, na baada ya muda akajiambia mwenyewe kwamba kipaji chake hakiko huko. Vijana, hapo pasomeni polepole. Wangapi kwenu mnataka kushika kamera, na wangapi mtakaa miaka kumi mnaisukuma kamera isiyowataka kwa sababu mnaona haya kushika kitu kingine? Nair alikuwa na miaka ishirini na kitu alipokubali kwamba anaipenda senema kuliko anavyoweza kuitengeneza. Kutoka hapo ndipo alipokuwa na faida kwa watu.

Machi 1961 aliajiriwa kama msaidizi wa utafiti katika Taasisi ya Filamu iliyokuwa imefunguliwa Pune, kwenye viwanja vya zamani vya kampuni ya picha ya Prabhat. Wakati huo nchi yake ilikuwa miongoni mwa zinazotoa picha nyingi kabisa duniani, na haikuwa na mahali pa kuziweka. Hifadhi ya Taifa ya Filamu ya India ilianzishwa Pune Februari 1964, na mwaka uliofuata Nair akaingia kama mtunzaji msaidizi. Mwaka 1982 akawa mkurugenzi. Alistaafu 1991. Alipoondoka, hifadhi ilikuwa na filamu zipatazo 12,000, na kama 8,000 kati yake ni za India. Yote hayo kwa mshahara wa mtumishi wa serikali. Na hakuwa na sheria mkononi ya kumlazimisha mtengenezaji picha kukabidhi nakala. Ilibidi abishe hodi.

Akabisha. Aliwaendea watoto wa Dadasaheb Phalke, yule baba wa senema ya India, ambaye picha yake Raja Harishchandra ilionyeshwa kwa umma Bombay tarehe 3 Mei 1913. Phalke alikwishakufa tangu 1944, na kazi zake zimebaki vipande vipande mikononi mwa warithi. Nair alivikusanya. Picha ya Kaliya Mardan ya mwaka 1919, ambayo binti wa Phalke, Mandakini, aliigiza humo kama mungu Krishna akiwa mtoto mdogo, aliiunga kwa kufuata maandishi aliyoyaacha Phalke mwenyewe. Alizipata picha za kampuni ya Bombay Talkies, Achhut Kanya ya 1936 na Kismet ya 1943. Aliitunza Kalpana, picha ya ngoma aliyoitengeneza Uday Shankar mwaka 1948, ambayo ilipotoka wengi hawakuijali. Mei 2012 Kalpana ilionyeshwa Cannes ikiwa imesafishwa upya, miaka 64 baada ya kutengenezwa. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kuna mtu Pune aliweka makopo yake mahali pakavu na baridi na hakuuliza yatamfaa nani.

Pia alishindwa, na kushindwa kwake kunafundisha kuliko kufaulu kwake. Picha ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilifunguliwa 14 Machi 1931 katika senema ya Majestic, Bombay. Ilikuwa na nyimbo saba. Mtengenezaji wake, Ardeshir Irani, alikuwa hai bado Nair alipoanza kazi, akafariki 1969. Nair alimwendea. Kwa simulizi yake mwenyewe Nair, mzee Irani alimwambia kuna mikanda michache bado ipo mahali, lakini mwanawe alimweleza kando kwamba alikwisha kuiuza ili itolewe madini ya fedha. Maana filamu ya nyeusi na nyeupe ina madini ya fedha ndani yake, na kwa mwenye njaa au mwenye haraka, uzito wa fedha ile unaonekana mkubwa kuliko picha. Alam Ara haionekani tena popote. Nyimbo zile saba, zilizofungua mlango wa kila wimbo wa senema ya Kihindi uliokuja baadaye, leo hakuna awezaye kuzisikia kama zilivyoimbwa mle.

India ilitengeneza filamu bubu zaidi ya 1,000. Zilizobaki ni chache mno, na nyingine ni dakika chache tu za picha iliyokuwa ndefu.

Sasa stoo.

Kutoka baiskeli nilipanda hadi chumba cha mashine, nikawa ndiye ninayeonyesha picha. Video ilipoingia kila nyumba, jumba nililolitumikia lilifungwa, na nikapewa kazi ya kuisafisha stoo iwe tupu kabla ya mwisho wa wiki. Ndani yake mlikuwa na mabango yaliyokunjwa, vile vitabu vidogo vya nyimbo vilivyokuja na picha kutoka India, na makopo kama thelathini. Nilipofungua la kwanza ilinipiga harufu ya siki hadi machozi yakanitoka. Sikujua wakati ule kwamba siki ile ni dalili: plastiki ya mkanda inaoza, na hewa yake inaambukiza makopo ya jirani, na joto na unyevu wa pwani yetu huuharakisha uozo huo. Nilidhani uchafu tu. Mabango na vitabu nikavichoma uani. Mikanda nikawagawia watoto wa mtaa, wakawa wanaikata vipande na kuitazama juani.

Kopo moja halikuwa na jina. Niliuvuta mkanda wake kama pima moja nikauinua kwenye mwanga wa dirisha. Niliona watu wamevaa kanzu, wanawake wamevaa buibui, watoto, bembea. Ilikuwa Mnazi Mmoja, sikukuu ya Idi. Hamna stelingi, hamna wimbo, aliyepiga hajulikani. Nikasema hii si picha. Nikautoa pamoja na mingine.

Mama yangu hakuwahi kupigwa picha hata moja ninayoijua. Na hakukosa Idi ya Mnazi Mmoja mwaka wowote nilioishi naye.

Mnaelewa sasa kwa nini filamu ya Nair sikuimaliza mara ya tatu. Yeye angalilishika kopo lile lile, na jambo la kwanza ambalo asingefanya ni kuuliza kama ni picha nzuri. Hilo ndilo lililomtofautisha na watu wengi wa kazi yake, na ndilo ninalotaka libaki vichwani mwenu hata mkisahau mengine yote. Nair alikuwa na mapenzi yake kama mtu yeyote. Aliwapenda mabingwa wa Japani na Italia na Ufaransa, aliwajua wakuu wa nchi yake. Lakini alipokuwa akikusanya, mapenzi hayo aliyaacha mlangoni. Picha ya ngumi na farasi aliitafuta kwa bidii ileile aliyoitafutia picha iliyopewa tuzo. Aliona kwamba mtunzaji hana haki ya kumchagulia mjukuu ambaye hajazaliwa. Leo wasomi wanaandika vitabu juu ya picha za Nadia, yule mwanamke wa viboko na mapanga aliyetikisa India mwaka 1935 kwa Hunterwali, picha ambazo wastaarabu wa zama zake waliziona za kihuni. Kama zingeachwa mikononi mwa wenye ladha, zisingefika kwetu.

Nanyi mnayo makopo yenu yasiyo na jina. Kaseti za harusi. Video za maulidi ya mtaani. Rekodi ya bibi anayeimba akikuna nazi, ambayo mjukuu ameifuta kwenye simu ili apate nafasi ya mpira. Mnasema haina maana, sauti inakwaruza, picha inatikisika. Mimi nilisema vivyo hivyo nikiwa nimesimama dirishani.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu kalamu. Nair alikuwa mtu wa daftari. Alitazama filamu gizani huku akiandika, mkanda kwa mkanda, nini kiko wapi. Ndiyo maana wanafunzi wa Taasisi, kina Adoor Gopalakrishnan na Naseeruddin Shah na wengi waliokuja kuwa watu wazito, walipohitaji kuona kitu walijua pa kwenda. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeona mali ya sauti ikipotea hivyo ilhali imo ndani ya nyumba. Fikirini picha ya Mahal ya mwaka 1949. Wimbo wake mmoja ulitetemesha India nzima, na santuri yake ilipotoka haikuandikwa jina la mwimbaji. Iliandikwa Kamini, jina la mhusika katika hadithi. Aliyeimba alikuwa Lata Mangeshkar, binti wa miaka ishirini hivi, ambaye wasikilizaji wengi hawakumjua bado. Kama wasingekuwapo watu wa kuuliza na kuandika, sauti ile ingebaki ya mtu ambaye hajapata kuwako.

Mtu mmoja wa mji wa Kanpur, Harmandir Singh, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Hamraaz, alichukua mzigo huo kwa upande wa nyimbo kama Nair alivyouchukua kwa upande wa picha. Alitunga vitabu vikubwa, muongo kwa muongo kuanzia 1931, akaorodhesha picha za Kihindi na nyimbo zake: nani katunga maneno, nani katia muziki, nani kaimba, santuri namba ngapi. Hebu fikirini subira hiyo. Vijitabu vya nyimbo kama vile nilivyovichoma uani ndivyo vilivyokuwa ushahidi wa watu kama yeye. Karatasi ya nusu shilingi.

Msije mkadhani haya ni mambo ya Wahindi na India yao. Mwaka 1928 Siti binti Saad wetu alipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri, na kwa santuri zile sauti ya mwanamke wa Kiswahili ikasafiri pwani nzima. Siti alifariki 1950. Kizazi changu, tuliokuwa wachanga wakati ule, tumeijua sauti yake kwa sababu kuna watu waliziweka santuri zile katika masanduku, wakizifunga kwa vitambaa, wakiwakemea watoto wasizikalie. Hatuwajui majina, na walifanya kazi ya Nair kabla ya Nair.

Na mfikirieni Juma Bhalo wa Mombasa, aliyetutoka mwaka 2014. Nyimbo zake nyingi amezivisha maneno ya Kiswahili, mazito, ya hekima na ya mapenzi, juu ya lahani za senema ya Kihindi. Sisi tuliokuwa tunatoka ukumbini tukipiga mluzi lahani ile ile, tulipomsikia Bhalo tulisikia vitu viwili kwa mpigo. Tulijua alichokichukua na tulijua alichokiongeza, na kile alichokiongeza ndicho kilichotufanya tumpigie makofi. Ninyi mnasikia kimoja. Ikipotea santuri ya Bombay, nusu ya Bhalo imepotea, na hakuna aliye Mombasa atakayejua imekwenda wapi. Kwa hiyo alipokuwa Nair akibisha hodi katika nyumba za Bombay na Nashik, alikuwa akitutunzia na sisi, ingawa huenda hakulijua hilo.

Zetu wenyewe je? Wangapi kwenu mnajua kwamba Rashidi Mfaume Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, alikuwa stelingi wa senema? Aliigiza katika Muhogo Mchungu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, picha ya Kiswahili iliyochezwa na Waswahili. Nendeni mkaulize inaonekana wapi. Ulizeni picha za Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968, mikanda yake imelala katika joto gani. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki 2012, juzi tu, na mama zenu walimlilia. Jiulizeni kaseti za asili za picha zake, zile za kutoka kwenye kamera, ziko kwa nani. Sitaki mniletee lawama juu ya fulani na fulani. Nataka mniletee jibu lililoandikwa.

Nasikia mnavyonijibu: babu, siku hizi tunaingiza kila kitu kwenye kompyuta. Vizuri, ingizeni. Lakini mkishaingiza, msitupe kilichoingizwa. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona kijana mwenye akili, aliyesoma, akimaliza kunakili kaseti za marehemu baba yake kisha akazipeleka jalalani, na mwaka uliofuata kile kisanduku cha kompyuta kikagoma kuwaka. Mkanda wa filamu uliowekwa pakavu na baridi unaishi miaka mia. Sidhani yupo fundi atakayewaahidi hivyo kwa simu mliyoishika. Nakala ziwe mbili au tatu, nyumba mbalimbali, na asili ibaki. Maana hata hifadhi kubwa hupatwa. Januari 2003, Nair akiwa amekwisha kustaafu, moto ulishika ghala la filamu za nitrati kule Pune. Nitrati ni plastiki ya filamu za zamani, zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ikishika moto haizimwi hata kwa kuzamishwa majini. Makopo ambayo mtu alitumia ujana wake kuyakusanya yaliteketea. Fikirini mzee yule alivyoipokea habari ile.

Kitu kingine kuhusu Nair nilichokipenda ni kwamba hakuwa bahili. Wapo watunzaji wanaofungia, wakiombwa wanasema kimeharibika, kumbe wanapenda kuwa peke yao na ufunguo. Yeye alitaka vitazamwe. Filamu za hifadhi zilifika hadi Heggodu, kijiji cha Karnataka chenye mashamba ya popoo, ambako K. V. Subbanna na kikundi chake cha Ninasam waliwaonyesha wanakijiji picha kubwa za dunia, za kina Satyajit Ray na Vittorio De Sica. Wakulima walikaa wakatazama, wakajadili. Wasomi wa mjini walikuwa wakidhani picha hizo ni za watu waliosoma, na wanakijiji wakawaonyesha sivyo. Nami nililijua hilo tangu utoto, kwa sababu nimewaona wachukuzi wa bandarini wakilia kwa ajili ya Nargis katika Mother India, hawajui neno la Kihindi. Ukikitunza kitu, fungua mlango Ijumaa baada ya swala, tandika mkeka, waite majirani. Mwenye kukitazama ndiye atakayekusaidia kukitambua. Atasema: yule pale ni shangazi, ile nyumba ilikuwa ya fulani, siku ile ilinyesha.

Anzeni nyumbani. Kabla hamjaenda kwa waziri wala kwa mfadhili, fungueni kabati la bibi. Mkikuta kaseti, msiilazimishe kwenye mashine chakavu ikaliwa. Mkikuta kopo lenye harufu ya siki, litengeni na mengine, lipelekeni penye hewa kavu, mtafute anayejua. Andikeni kwa penseli nje ya kasha: nani, wapi, mwaka gani, nani kaeleza. Kama mwaka hamuujui, andikeni mlioambiwa na jina la aliyewaambia. Bibi akisema "hayo matakataka yangu", mbusuni mkono, kisha andikeni.

Mimi nimebakiwa na sanduku moja. Lina vijitabu vya nyimbo kumi na saba vilivyoponea chini ya kitanda changu, tiketi chache, kipande cha bango la Awaara, na ukanda wa filamu wa urefu wa mkono niliorudishiwa miaka mingi baadaye na mmoja wa watoto niliowagawia, sasa naye mtu mzima. Ukiuinua juani unaona wanawake watatu wa buibui wameipa kamera mgongo, na nyuma yao bembea. Nimeuweka ndani ya bahasha ya karatasi, na juu yake nimeandika kila ninalolijua, ambalo ni mistari miwili.

Wazee waliokwenda Idi ile wanazidi kupungua. Njooni Jumamosi baada ya Alasiri, na kila mmoja aje na daftari, na aje na bibi yake.